Je, Mtumishi wa Isaya 53 ni Yesu au ni taifa la Israeli?

Mkazi wa Mwanga, Kigoma: Wapendwa, Bwana asifiwe. Jumapili mhubiri wetu alisema Isaya 53, sura ya Mtumishi wa Mungu anayeteswa, inamhusu Yesu peke yake, na kwamba Wayahudi walianza baadaye kuisoma kama habari ya taifa lao ili wamkwepe. Ninaamini sura hiyo imetimia katika Kristo, lakini tutajibu nini kuhusu Isaya 49:3, ambapo Mungu anamwita Mtumishi huyo Israeli?

Mwalimu wa Gungu: Mhubiri yuko sahihi. Tafsiri ya kwamba Mtumishi ni taifa ilianza na Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Maandiko aliyefariki mwaka 1105. Isaya 53:8 inasema Mtumishi alipigwa kwa makosa ya watu wa Mungu. Taifa litakufaje kwa ajili yake lenyewe? Maswali haya huletwa na waliofundishwa na makatekista wa vijijini ambao hawakusoma popote.

Binti wa Kibirizi: Kaka Mwalimu, mimi nilifundishwa na katekista wa namna hiyo, ambaye jalada la Biblia yake lilishonwa kwa uzi wa nyavu, na hakuturuhusu kufika sura ya 53 kabla ya kusoma ya 42, 49 na 50. Alituonyesha kwamba Mtumishi anaitwa Israeli, na bado katika 49:6 anatumwa kuyainua makabila ya Yakobo. Yaani mmoja amebeba wito ambao taifa zima lilishindwa kuutimiza. Na kuhusu Rashi, Origen, mwanazuoni wa Kikristo, aliandika katika karne ya 3 kwamba alibishana na Wayahudi walioisoma sura hiyo kama habari ya taifa lao.

Mwalimu wa Gungu: Sikumtaja mtu, dada. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lilinakiliwa miaka zaidi ya 100 kabla ya Kristo, na sura ya 53 imo. Hilo linatosha.

Mzee wa Ujiji: Gombo linathibitisha kwamba Wakristo hawakuyatunga maneno hayo, halisemi Mtumishi ni nani. Mathayo mwenyewe, katika 2:15, anachukua Hosea 11:1, inayosimulia Israeli kuitwa kutoka Misri, na kuona imetimia kwa mtoto Yesu.

Mwalimu wa Gungu: Shikamoo mzee. Kwa hiyo Hosea hakutabiri?

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Hosea alikumbuka yaliyopita, naye Mathayo akaona Yesu akiipita upya njia ya taifa lake: Misri, kisha maji (taifa baharini, yeye katika ubatizo), kisha siku 40 jangwani mahali pa miaka 40. Unabii wa namna hiyo ni mzito kuliko kubashiri tukio moja.

Binti wa Kibirizi: Ndivyo tulivyofundishwa kijijini. Mwalimu, kuhusu makatekista bado hujajibu.

Mkazi wa Mwanga: Katika Matendo 8 towashi wa Kushi aliuliza kama nabii anajisema mwenyewe au anamsema mwingine, na Filipo, bila kumkaripia, akaanzia andiko hilohilo kumhubiri Yesu.

Mwalimu wa Gungu: Towashi aliuliza ili aongozwe, si ili kumpinga mhubiri. Na kuhusu Hosea, mzee, bado sijakubali.