MREJESHO: Taa za nyuma nilizotaka kuzitia tinti na klia

Wakuu, niliuliza humu kama naweza kuzitia tinti (rangi ya kuzitia giza kidogo) taa za nyuma za gari na kuzipiga klia (rangi angavu ya juu ya kulinda na kung'arisha) mwenyewe nyumbani, hapa Nyakato, Mwanza. Kazi imekamilika, asanteni sana.

Nilizifungua taa, nikazisugua kwa msasa wa maji namba 800 hadi ukungu ukaenea sawasawa, maana penye mng'ao rangi haishiki. Taa ya rivasi na rifleksa (kile kipande kinachoakisi mwanga) nilizifunika kwa tepu. Tinti nilipuliza nyepesi, nikasubiri, nikarudia. Aliyenishauri humu niishie hapo, nisizidishe tinti, alisema kweli: jirani alikanyaga breki saa saba mchana, jua kali, na wekundu niliuona vizuri kutoka mbali. Hilo ndilo lililokuwa linanitia wasiwasi, anayekufuata nyuma lazima akuone.

Klia nilipiga asubuhi, stoo. Kwa wenzangu wa kandokando ya ziwa, jioni msithubutu. Wadudu wakifuata taa, wananasa kwenye klia mbichi. Ilipokauka kabisa nikapitisha msasa namba 2000 na maji, kisha polishi. Inateleza kama kioo.

Nilitumia klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuifanya iwe ngumu). Inastahimili jua na petroli kuliko ile ya kawaida ya kopo la kupuliza, isiyo na hadina.