Panya kwenye gari lililopaki muda mrefu: naftalini, sumu, kifaa cha mlio, paka au wavu?

Kobe_Mbweni

Wakuu, habari za leo. Naomba tulinganishe njia hapa, maana nimeumia na sitaki kuumia mara ya pili.

Nina Noah. Mwezi wa sita nilikwenda Songea kumuuguza mama, gari nikaliacha nyumbani Mbweni wiki tisa chini ya banda la mabati. Ukuta wa pili ni banda la kuku wa mke wangu, na viroba vya pumba tulikuwa tunaviweka hapo hapo. Niliporudi gari liliwaka lakini linatetemeka, taa ya injini haizimi. Fundi kufungua boneti, nyaya mbili za noza zimekatwa kama kwa kisu. Kufungua eya klina, ndani kuna kiota: sponji ya boneti imenyofolewa, vipande vya kiroba, punje za mahindi, na vitoto vitano havijaota manyoya. Matengenezo yamekula 210,000 na siku tatu za kudandia daladala.

Novemba nasafiri tena mwezi mzima. Watu wamenishauri mambo matano: naftalini, sumu, kile kifaa cha mlio mwembamba usiosikika na mtu, kinachofungwa kwenye betri (dukani wanataka 85,000), paka, na wavu wa chuma. Sina hela ya kujaribu vyote. Mwenye uzoefu aseme kipi kimemsaidia na kipi kimemwangusha.

FundiWaya

Pole sana mkuu, na mama apate nafuu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa kumi na nne huu, niko Tegeta. Kazi ya nyaya zilizoliwa na panya naipata karibu kila mwezi, kwa hiyo niandike kidogo.

Panya hafuati waya. Anafuata giza, joto la injini, na mahali ambapo paka na bundi hawamfikii. Waya anautafuna kwa kuwa uko njiani, na meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Asipoyasaga kwenye kitu yanarefuka hadi ashindwe kula. Kuna wanaosema ni magari mapya tu, eti plastiki ya nyaya imechanganywa na soya. Wenye magari Marekani walilipeleka jambo hilo mpaka mahakamani. Mimi ninachojua ni kwamba nimeunga nyaya za Land Rover za zamani zilizoliwa vilevile, na mipira ya maji, na hata kifuniko cha fyuzi.

Anapanda kwa tairi, anashika vyuma vya chini, yuko ndani. Milango yake mikubwa ni mitatu: bomba linalovuta hewa kwenda eya klina, matundu ya hewa ya AC yaliyo chini ya waipa, na raba zilizochomoka pale nyaya zinapopenya kuingia ndani ya gari. Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6, unene wa penseli. Panya mkubwa anahitaji kama 12. Sasa mtu ananiletea waya wa kuku niufunge! Nunua wavu wa mabati wa robo inchi, ule wanaoanikia kahawa, mita moja inatosha na kubaki. Kata, kunja, funga kwenye mdomo wa bomba kwa waya wa kufungia nondo. Usiuache ukacheza karibu na feni belti wala eksozi. Na usizibe bomba kwa tambara, utasahau na injini itakosa hewa. Gereji kwetu kazi ya milango yote mitatu ni 25,000.

Siku ya kuondoka, weka AC kwenye kuzungusha hewa ya ndani kabla ya kuzima gari. Kuna kilango kinafunga njia ya hewa ya nje. Ni bure.

Kifaa cha mlio nimefunga vingi, kwa kuwa mteja akinunua anataka kifungwe. Gari moja lilirudi kwangu na kiota kimejengwa kiganja kimoja kutoka kwenye kifaa chenyewe, taa yake inawaka vizuri kabisa. Mlio ule haupenyi kitu kigumu, na ndani ya boneti kila kitu ni kigumu. Halafu kifaa kinakunywa betri mwezi mzima gari limelala. Hiyo 85,000 tafadhali usiitoe.

BintiKisauni

Shikamooni wakubwa. Mie nimo Mombasa, na nataka kusema juu ya naftalini peke yake, kwa sababu ilitutia majonzi.

Mume wangu ni baharia, gari hukaa miezi. Nilitia zile tembe nyeupe chini ya viti na chache kwenye boneti. Wiki mbili za mwanzo sikuona kinyesi hata kimoja, nikafurahi. Tembe zile huyeyuka zikaenda na hewa. Zilipokwisha, panya alirudi pale pale. Kwa hivyo kama ni kulinganisha, yafanya kazi, lakini kwa muda, na lazima mtu awepo wa kuongeza.

Jambo kubwa ni hili. Mume aliporudi tulimpakia mwanetu wa miaka mitatu, madirisha yamefungwa, tukaenda Malindi. Siku ya pili macho yamekuwa manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hospitalini daktari aliuliza swali moja: nyumbani mwatumia naftalini? Kumbe mtoto ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na mvuke ule huvunja chembe zake nyekundu za damu. Aliongezwa damu, alhamdulillahi akapona. Huku kwetu kwenye malaria ya miaka na mikaka hali hiyo si ngeni, ni vile wengi hawajapimwa. Ndugu yangu, kama gari lako hupanda watoto, naftalini iwache kabisa.

Kobe_Mbweni

Dada yangu, ahsante sana. Wajukuu wawili wanapanda gari hili kila Jumapili, na mfuko wa naftalini nilishaununua. Nautoa leo.

Mkulima_Ismani

Kamwene. Mimi ni mkulima wa mahindi Ismani, Iringa. Nina pikapu na trekta, na ghala liko hatua ishirini kutoka zinapolala. Baada ya mavuno panya shamba wanahama mashambani kuja majumbani, na jike mmoja anazaa kumi na zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo panya nawajua.

Sumu nilitumia miaka mingi. Hizi za kisasa zinazuia damu isigande, panya anakula leo anakufa baada ya siku tatu, nne, hata wiki. Katika siku hizo anazunguka, na anapozidiwa anarudi mahali anapopaona salama. Kwangu alirudi kwenye pikapu, akafia kwenye bomba la hewa nyuma ya dashibodi. Dashibodi yote ilishushwa kumtoa, na harufu ilikaa wiki tatu. Ukimwekea sumu ndani ya gari unamwita aje kufia humo. Nilikoma pale paka wangu alipomla panya aliyelegea, akatoka damu puani siku mbili akafa. Na bundi waliokuwa wanakaa kwenye mwembe sikuwaona tena mwaka ule. Mtu au mbwa akiila, kuna vitamini K1, lakini lazima awahishwe kwa daktari mapema.

Kilichobaki kwangu ni mitego ya kubana. Wengi wanasema haifanyi kazi, na kosa ni moja: wanatega siku ya kwanza. Panya mkubwa anaogopa kitu kipya. Weka mtego na chambo bila kuutega siku tatu au nne, ale, azoee, ndipo utege. Mtego ukae umegusa ukuta, upande wa chambo ukutani, maana panya anatembea akiuambaa ukuta. Karanga zilizosagwa zinashinda dagaa, kwa sababu anabaki kulamba na hawezi kunyakua akakimbia. Mkupuo mmoja tega kumi, si mmoja. Gundi siitaki: wananasa vifaranga na mijusi, na panya mwenyewe anakufa siku nzima.

Lakini hata mitego kumi haikunisaidia kama kuhamisha pumba. Kobe, soma tena ulichoandika: viroba vipo ukuta wa pili. Vitie kwenye mapipa ya bati yenye mfuniko, au hamisha gari.

Baridi_Kali

Salaam kutoka Ontario, Kanada. Huku mwezi wa kumi baridi ikianza panya wadogo wanahamia kwenye magari kama wamepewa funguo. Nitaongeza vitu viwili ambavyo havijatajwa.

Honda wanauza tepu ya kuzungushia nyaya yenye kapsaisini, kile kinachowasha kwenye pilipili. Nimezungushia nyaya za gari langu, na kwenye tepu hazijaguswa tena majira mawili ya baridi. Ila ni ghali, na inalinda waya tu. Kiota walijenga hapo jirani kama kawaida. Ukishatengeneza nyaya ni nzuri kwa zile ulizounga upya. Ukijaribu kupaka pilipili kichaa ya nyumbani, joto la injini linaikausha, na mvua ya kwanza inamaliza kazi.

Mafuta ya mnanaa: harufu nzuri, siku tano, basi.

Kuhusu kifaa cha mlio namuunga mkono fundi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, mwaka 2001 iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwataka wawe na ushahidi wa kisayansi kabla ya kutangaza kwamba vinafukuza panya. Bado vinauzwa kila kona.

Kobe_Mbweni

Na paka je? Jirani ananipa bure. Pia kuna aliyeniambia niache boneti wazi usiku, panya hapendi mwanga.

FundiWaya

Boneti wazi ni kweli inasaidia, giza linakwisha na joto linatoka. Lakini Dar es Salaam hii mkuu? Utarudi ukute betri na kontroli boksi vimeondoka. Kama una ukuta na mlinzi unayemwamini, fanya. Vinginevyo hapana.

Paka mchukue, anapunguza panya wadogo. Panya dume aliyeshiba pumba, paka wengi wanampisha. Na paka mwenyewe anapenda kulala juu ya injini yenye joto, kwa hiyo piga boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha. Nimeona paka aliyekutwa na feni belti na sitaki kuona tena.

Naongeza onyo moja: kuna wanaopulizia dizeli au mafuta ya taa kwenye injini kufukuza panya. Raba zinavimba, na umeshaweka moto mlangoni. Gari lililokaa muda mrefu, fungua boneti na unuse kabla ya kugusa funguo. Mpira wa petroli ukiwa umetafunwa, cheche moja tu.

Mchinga_Afya

Samahani kuchelewa. Nafanya kazi ya afya Lindi. Mmezungumzia gari, mtu anayesafisha je?

Julai 2022 kule Ruangwa watu waliugua homa, wakatokwa damu puani, na watatu walifariki kabla haijathibitishwa kuwa ni homa ya mgunda. Vimelea vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na vinapita kwenye mchubuko mdogo wa ngozi au machoni. Fundi anayetoa kiota kwa mikono mitupu yenye mikwaruzo, namwomba asome hapa.

Fungua milango na boneti, hewa ipite nusu saa. Usifagie kikavu, wala usipulize kwa kompresa, vumbi lile utalivuta. Vaa glovu na barakoa. Changanya kipimo kimoja cha jiki na vipimo tisa vya maji, lowanisha kiota na kinyesi, subiri dakika tano, kisha kusanya kwa karatasi, funga kwenye mfuko, fukia. Kwenye soketi za umeme usimwagie, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kichujio cha AC kilichokojolewa kitupwe, hakioshwi. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli ya miguu ndani ya wiki mbili tatu, nenda kituoni na umwambie daktari kwamba ulishika kiota cha panya.

FundiWaya

Nashukuru sana. Kompresa ndiyo tunayotumia kila siku. Kesho nanunua boksi la glovu.

Kobe_Mbweni

Wakuu nimerudi, leo ni tarehe 9 Desemba, nawapa mrejesho kama nilivyoahidi kwa baadhi yenu.

Nilichofanya: wavu wa robo inchi kwenye milango mitatu, wavu 12,000 na ufundi 25,000. Mapipa mawili ya bati ya pumba, 70,000, hayo ndiyo yameniuma. Mitego sita, nikaiacha siku nne bila kutega. Usiku wa kwanza wa kutega walinasa wanne, usiku wa pili wawili, kisha hakuna. Kijana wa jirani alikuwa akiwasha gari kila Jumamosi, analitoa mpaka barabarani na kulirudisha. Paka nimemchukua pia, mke wangu amempenda kuliko mimi.

Jana nimefungua boneti kabla ya kuwasha. Nyaya nzima, eya klina safi, hakuna harufu. Wavu wa bomba la hewa una mikwaruzo ya meno upande wa nje, na kona moja ya chini imevutwa kidogo. Fundi, nakuja Jumatano uirudishie.