Kuna mkopo umechukuliwa kwa jina langu, naanzia wapi?

Mpita_Njia: Wakuu habari zenu. Juzi nimepigiwa simu na kampuni ya mikopo ya mtandaoni nisiyoijua kabisa, wananidai, na fomu waliyonitumia ina jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa na picha ya kitambulisho changu, ile ile niliyomtumia mtu aliyetangaza kazi mtandaoni, naijua sababu kidole gumba changu kinaonekana pembeni. Usingizi sina. Pasiwedi nimebadilisha, inatosha kweli?

Kitasa: Pole sana ndugu yangu. Haitoshi. Karipoti polisi, halafu hao wa mkopo uwajibu kwa maandishi kwamba deni si lako, ya kwenye simu hayana ushahidi, na usilipe hata kidogo eti yaishe maana utakuwa kama umelikubali. Kingine imeili. Anayeshika imeili yako anabonyeza tu "nimesahau pasiwedi" kwenye akaunti zako zote na linki zote zinamwendea yeye. Ingia kwenye setingi uangalie sehemu ya kufowadi na filta, mimi yalinikuta, pasiwedi nimebadilisha mara mbili na bado meseji za benki zilikuwa zinafowadiwa kwa mtu halafu kwangu zinafutwa, sioni kitu! Ukimaliza toa vifaa vyote vilivyo login.

Dada_Makini: Naongezea, zile namba 6 za kuthibitisha usimtajie mtu hata ajitambulishe vipi. Na bora uzipate kwenye app ya kutengeneza hizo namba (authenticator) kuliko kwa SMS, kuna matapeli wanarenew laini ya mtu na meseji zote zinaingia kwao, kwa hiyo simu ikikata netiweki ghafla bila sababu wawahi mtandao wako. Pia ingia tovuti ya Have I Been Pwned, ipo tangu 2013, unaweka imeili inakuonyesha imevuja wapi. Na siku nyingine kabla ya kutuma kitambulisho andika juu ya picha yenyewe "kwa ajili ya fulani tu" na tarehe, maandishi yapite katikati siyo pembeni, pembeni wanakata.

Mpita_Njia: Asanteni mno. Filta hamna ila namba ya kurudishia akaunti ni laini niliyoitupa kitambo sana

Kitasa: Itoe sasa hivi mkuu, laini ikikaa bila kutumika wanampa mtu mwingine.