Mrejesho: ngamia wangu aliyekuwa hashiki mimba amezaa

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu jike wangu wa hapa Isiolo aliyepandwa mara mbili kiangazi bila kushika mimba. Wengi mlisema nimchunguze dume kwanza, nisikimbilie kuuza jike. Mlikuwa sahihi kabisa.

Niliazima dume wa jirani, nikangoja mvua za vuli. Dume huyo alikuwa kweli katika msimu wake wa kupanda: povu mdomoni, kaakaa limening'inia kama puto, majimaji meusi kisogoni, na malisho hayataki. Sikujua kwamba yai la ngamia hutoka baada ya kupandwa, si lenyewe kama la ng'ombe. Basi dume aliyepoa, asiye na hamu ya kupanda, ni kupoteza muda tu. Wiki mbili baada ya jike kupandwa tulimpitisha dume karibu, jike akainua mkia juu. Ndiyo dalili ya mimba mliyonitajia, nami sikuiamini mpaka tumbo lilipoonekana.

Miezi 13 hivi imepita. Juzi alfajiri amezaa ndama jike, akanyonya maziwa ya kwanza kabla jua halijawa kali. Mama simpandishi tena hadi ndama atimize mwaka. Asanteni sana, hasa yule mzee wa Marsabit.