Impreza WRX inachemsha nikipanda Gairo, gereji wanataka kushusha injini. Nikubali?

Mdau_wa_Ipagala

Wakuu, habari za humu. Wenyeji wa Dodoma, mbukwenyi.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, injini EJ205 yenye turbo. Intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) ni ya kiwandani, ekzosi tu ndiyo imebadilishwa na aliyekuwa nalo kabla yangu. Nalipenda gari hili sana na matunzo mengi nafanya mwenyewe uani: oili, plagi, breki.

Mjini limetulia, hata kwenye foleni mshale wa joto hauchezi. Shida inaanza nikirudi kutoka Morogoro. Nikishaipita Dumila na kuanza kupanda kwenda Gairo, AC ikiwa imewashwa na watu wamejaa, mshale unapanda. Nikizima AC na kupunguza mwendo, unashuka. Nikisimama nasikia maji yanatokota kwenye tenki la akiba la plastiki. Kesho yake asubuhi tenki hilo limejaa hadi mdomoni, lakini ndani maji yamepungua. Hakuna tone chini ya gari, oili ni safi, hakuna moshi mweupe.

Gereji moja hapa mjini, bila kupima chochote, wamesema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa: ama tushushe injini, ama ninunue ya mtumba kutoka Dar. Themostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto) walishaitoa "ili maji yazunguke vizuri", wakajaza maji ya bomba. Hiyo ni hela nyingi na sitaki kufunguliwa injini nzima kwa kubahatisha. Nipime nini kwanza nikiwa nyumbani?

Kibaigwa_Mzigo

Pole mkuu. Mimi ni mtu wa malori. Kwenye Fuso themostati tunatoa na gari linapiga mzigo. Maji yakikimbilia tenki la akiba, ujue gesi ya silinda inayasukuma. Hiyo ni gasketi, usipoteze muda.

Boksa_Mwekundu

Kaka, usikubali bado. Dalili zako zinaelekea sehemu mbili, na moja ya hizo ni kifuniko tu cha maji.

Kifuniko kina vali mbili. Moja inafunguka presha ikizidi, maji yanaenda tenki la akiba. Ya pili inafunguka injini ikipoa, maji yananyonywa kurudi. Mpira wake ukikauka, maji yanatoka na hayarudi, na asubuhi utakuta hivyohivyo ulivyoeleza. Gasketi nayo inaleta dalili hiyo, kwa hiyo kwa macho hutazitenganisha. Lazima upime.

Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, jaza maji, funga, washa, kisha shika mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni presha ya silinda. Ukibaki laini na kukaza polepole kadiri joto linavyopanda, una matumaini.

Halafu azima kipimo cha gesi, kile kichupa chenye dawa ya bluu kinachokaa kwenye mdomo wa kujazia maji. Kukiwa na moshi wa silinda ndani ya maji, bluu inageuka njano. Punguza maji kidogo kwanza yasipande kuingia kwenye dawa. Na kwa sababu shida yako inakuja kwenye mzigo, pima baada ya kuliendesha hadi lipate joto kamili, lakini ngoja presha ishuke ndipo ufungue. Watu wameungua uso kwa haraka ya kufungua kifuniko.

Sasa jiulize linachemsha wapi. Fani (feni za rejeta) zikifa, gari linachemsha kwenye foleni, kwa sababu likikimbia upepo unalisaidia. Lako foleni halina neno, mlima ndio unalishinda. Hiyo inaniambia rejeta haimudu joto la injini inapofanya kazi. Chungulia kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele) na rejeta. Kwa vumbi letu la kiangazi, hapo panajaa udongo na mbegu za majani, na ukitazama kwa mbele huoni kitu.

Kuhusu themostati, namheshimu ndugu yangu wa Kibaigwa lakini hapa sikubaliani. EJ205 inaihitaji. Iko chini, maji yanapoingia wota pampu, inaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 na inafunguka yote kwenye 91. Ukiitoa, asubuhi injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale umefichwa. Rudisha, tena ya kampuni.

Altezza_wa_Kisasa

Mimi limenishtua hilo la maji ya bomba.

Dodoma tunategemea maji ya visima, mengi ya Makutupora, na yana chumvi na chokaa. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika la chai nyumbani kwako. Ukoko huohuo ndio unaganda kwenye vijia vya rejeta, na vile ni vyembamba mno. Kila ukijazia, unaongeza tabaka. Kaka yangu, hata kama gereji walijaza juzi tu, huenda aliyekuwa nalo kabla yako alikuwa akijazia hayohayo kwa miaka.

Jingine, mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji matupu hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Kifuniko kizima chenye alama ya presha ya 1.1 kinayapeleka karibu na 120. Kwa hiyo kifuniko kikichoka unapoteza zaidi ya nyuzi 20 za usalama, na dashibodi haitakuonyesha. Mimi kwenye Altezza yangu natumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka na inalinda aluminiamu isiliwe.

Mdau_wa_Ipagala

Wakuu, mrejesho.

Mpira wa juu ulibaki laini, ukakaza taratibu. Dawa ilibaki bluu, baridi na moto. Kifuniko nilipokigeuza, mpira wa vali ndogo umepasuka. Kati ya kondensa na rejeta nimetoa vumbi na majani makavu ya kujaza ndoo.

Kubwa zaidi: nimeazima kipimajoto cha kulenga, nikapima rejeta kutokea upande wa injini. Upande mmoja ni wa moto, mwingine una michirizi ya baridi kutoka juu hadi chini. Nimechungulia kwenye mdomo wake, ni weupe mtupu kama dada wa Altezza alivyosema.

Fundi wa rejeta anasema ataifungua na kuzibua kwa kupitisha waya. Nimpe?

Kibaigwa_Mzigo

Mkuu, kama dawa imebaki bluu hata likiwa moto, basi gasketi naiondoa kwenye washukiwa. Bila shaka umeokoa hela.

Siku likikushika tena mlimani kabla hujamaliza matengenezo: zima AC, washa hita ya ndani hadi mwisho na feni yake kali, fungua vioo, kanyaga kidogo. Hita ni rejeta ndogo, inavuta joto. Hita ikipuliza baridi huku mshale uko juu, maji hayafiki huko. Simama papo hapo, zima injini.

Boksa_Mwekundu

Safi sana kaka. Kuzibua kwa waya ni kwa rejeta za zamani za shaba. Yako ni aluminiamu yenye matenki ya plastiki yaliyobanwa kwa meno. Waya unatoboa vijia, na plastiki ya umri huo ikifunguliwa hairudi kukaza vizuri. Nunua mpya. Badilisha na mipira ya juu na chini siku hiyohiyo.

Angalia vifuniko: gari hili lina viwili, cha rejeta na cha lile tenki dogo la chuma pembeni mwa intakula. Havifanani nguvu. Cha tenki dogo ndicho kinachotakiwa kufunguka kwanza, usivibadilishane nafasi.

Kabla ya kufunga rejeta mpya, suuza njia za injini kwa maji ya betri hadi yatoke safi. Kujaza ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hewa ikibaki kwenye hedi litachemsha tena na utalaumu spea. Inua pua ya gari kidogo. Fungua skrubu ya plastiki ya kutolea hewa juu ya rejeta, jaza polepole kupitia tenki dogo, kwa kuwa ndilo liko juu kuliko vyote. Maji yakitoka kwenye skrubu bila mapovu, ifunge. Minya mipira kwa mkono, ongeza, washa na hita ikiwa kwenye moto, subiri fani ziwake zizime, ongeza tena. Linapokea zaidi ya lita 7. Likigoma mapema, kuna hewa. Kesho yake asubuhi kagua, na endelea kukagua hadi usawa usishuke tena.

Rejeta ya zamani usiitupe. Ikate katikati utuwekee picha humu, kuna watu wengi Dodoma wanaambiwa washushe injini kwa sababu ya chokaa hiyo.