Ubuntu haiwaki baada ya umeme kukatika, inasema supabloki mbovu

mtoto_wa_mjini: Wakuu habari za jioni. Kuna desktop ya dukani kwa mama mdogo ina Ubuntu, umeme ulikatika watu wako kazini, uliporudi mashine haiwaki inaishia skrini nyeusi imeandika (initramfs) basi. Nimeiwasha kwa flashi ya Ubuntu, nikitaka kumaunti (kufungua) partisheni ya /dev/sda2 inaleta "bad superblock", yaani sehemu yenye taarifa kuu za mpangilio wa mafaili ni mbovu. Humo kuna hesabu zote za duka na bakapu hakuna. Jamaa kaniambia nipige fsck -y (amri ya kukarabati mpangilio wa mafaili) niiache imalize yenyewe, nipige?

kaka_poa: Piga Windows mkuu maisha yaendelee 😂

fundi_wa_zamu: Usipige -y sasa hivi, hiyo inajibu ndiyo kwa kila swali hata lile ambalo ungesema hapana. Kwanza ujue kama diski bado ni nzima au inakufa. Kwenye flashi hiyohiyo weka smartmontools (programu ya kukagua afya ya diski), piga sudo smartctl -a /dev/sda, tafuta Current_Pending_Sector (sehemu zinazosumbua kusomeka) na Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizobadilishwa), angalia namba ya mwisho wa mstari. Pending ikizidi 0 usiguse kitu, nunua diski ya nje.

mtoto_wa_mjini: Zote 0 mkuu

bi_terminali: Afadhali. ext4 (mfumo wa mafaili wa kawaida wa Ubuntu) ina supabloki za akiba sehemu kadhaa, kama bloki ni za 4096 (ndo kawaida) ya kwanza iko 32768, inayofuata 98304. Hakikisha partisheni haijamauntiwa afu

sudo e2fsck -n -b 32768 -B 4096 /dev/sda2

e2fsck ndo fsck ya ext4, na hiyo -n inasoma tu, haiandiki. Makosa yakiwa machache rudia bila -n. Na utakuta watu wanasema tumia mke2fs (amri ya kuformati) na -n kuona namba za akiba, ni kweli zinatoka, ila ukisahau hiyo -n umeformati, mtu asiye na bakapu simshauri kabisa.

fundi_wa_zamu: Sawa dada ila mimi bado nasema anakili kwanza hata kama SMART (hiyo ripoti ya afya ya diski) ni safi, hesabu za duka hizo. Weka gddrescue (programu ya kunakili diski), piga sudo ddrescue -d /dev/sda ukielekeza kwenye faili la diski ya nje pamoja na faili la ramani (linalorekodi ilipofika), hata umeme ukikatika tena inaendelea ilipoishia.

mtoto_wa_mjini: Nimenakili usiku kucha, leo nimepiga e2fsck na 32768 imekubali, mashine imewaka!! Ila mafaili ya mwezi huu siyaoni kwenye folda

bi_terminali: Yatakuwa /lost+found, folda ambayo e2fsck inaweka mafaili yaliyopoteza mahali pake, yamepoteza majina yamebaki namba kama #131077. Piga

sudo sh -c 'file /lost+found/*'

itakwambia lipi ni spredishiti lipi picha, yanakili nje ubadilishe majina. Folda hiyo ni ya root (msimamizi mkuu wa mashine), ukiingia kwa kubofya na mausi itakukatalia.

mtoto_wa_mjini: Yapo! Mawili hayafunguki ila mengine yote yapo. Mama mdogo kakubali kununua UPS