Msimu wa 2010 wa NFC Magharibi: je, Seattle walistahili kuanza mtoano nyumbani?

Mtazamaji:
Wakuu, salamu. Nimekuwa nikipitia misimu ya nyuma ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, nami nimekwama kwenye divisheni ya NFC Magharibi (kundi la timu nne ndani ya NFC, mojawapo ya nusu mbili za ligi) ya mwaka 2010, ambako Seattle Seahawks walitwaa ubingwa wakiwa na ushindi 7 na vipigo 9, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imewahi kulifanya kabla yao katika msimu uliochezwa kikamilifu. Mwaka huohuo New York Giants na Tampa Bay Buccaneers walishinda michezo 10 kila mmoja, na wote wawili wakabaki nje ya mtoano. Naomba mliofuatilia msimu ule mnieleze mbio zile zilifikaje hapo, na kama ilikuwa haki New Orleans Saints, mabingwa watetezi wenye ushindi 11, wasafiri kwenda Seattle badala ya kupokea wageni, kwa kuwa kanuni humpa bingwa wa divisheni tiketi ya mtoano pamoja na mchezo wa nyumbani.

Kiti cha Nyuma:
Chanzo chake ni kustaafu kwa kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Kurt Warner. Arizona Cardinals walikuwa wametawala divisheni hiyo kwa misimu miwili, lakini alipoondoka walihangaika na makwotabeki watatu, Derek Anderson, Max Hall na John Skelton, wakamaliza na ushindi 5 tu. San Francisco 49ers, ambao wengi wetu tuliwapa nafasi kubwa, walipoteza michezo mitano ya mwanzo, na kocha wao Mike Singletary akafukuzwa kukiwa kumebaki mchezo mmoja. St. Louis Rams, walioshinda mchezo mmoja tu mwaka 2009, walikuwa na kijana Sam Bradford, chaguo la kwanza la drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya), nao ndio waliokuwa wakipanda.

Ikawa kwamba usiku wa tarehe 2 Januari 2011 Rams walifika Seattle wakiwa na 7-8 (ushindi 7, vipigo 8), wenyeji wakiwa na 6-9, na atakayeshinda ndiye bingwa. Kwotabeki wa Seattle, Matt Hasselbeck, alikuwa ameumia nyonga wiki iliyotangulia, kwa hiyo Charlie Whitehurst akaanza mchezo kwa mara ya pili tu tangu aingie ligi. Nakumbuka nilijiandaa kuona maafa. Badala yake, katika shambulizi la kwanza kabisa alirusha pasi ndefu ya yadi 61 kwa Ruvell Martin, na baada ya muda mfupi akampata Mike Williams kwa tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani). Baada ya hapo mchezo ulikuwa wa kubanana, wala si wa kupendeza. Rams hawakupata tachidauni hata moja. Alama zao zote 6 zilitokana na mikwaju miwili ya alama tatu tatu ya Josh Brown, ambaye aliwahi kuwa mpigaji wa Seattle hiyohiyo. Ukaisha 16-6.

Timu zote mbili zikawa na 7-9, na kila moja ilikuwa imemfunga mwenzake mara moja, kwa kuwa Rams walishinda 20-3 mwezi Oktoba. Kilichowatenganisha ni matokeo ya ndani ya divisheni: Seattle 4-2, Rams 3-3. Watu husema Rams walipoteza ubingwa usiku ule, lakini mimi huutazama mchezo wao wa ufunguzi, walipofungwa 17-13 nyumbani na hao Cardinals waliokuja kuburuta mkia. Wangeshinda ule tu, tungekuwa na bingwa mwenye 8-8, na mjadala huu usingekuwepo.

Mzee wa Takwimu:
Maelezo ni mazuri, ila yasitufanye tuipambe timu ambayo haikuwa nzuri. Vipigo vyote 9 vya Seattle vilikuwa vya tofauti ya alama 15 au zaidi. Walifunga alama 310 na kufungwa 407. Timu yenye bahati mbaya hupoteza kwa alama mbili tatu. Hawa walikuwa wakipigwa kweli. Na utani mchungu zaidi ni kwamba Giants waliwafunga 41-7, tena palepale Seattle, na Buccaneers wakawafunga 38-15, kisha hao wawili ndio waliotazama mtoano kwenye televisheni.

Sina tatizo na bingwa wa divisheni kuingia. Tatizo langu ni uwanja. Tiketi ya kuingia ni jambo moja na haki ya kuwa mwenyeji ni jambo jingine, na sijawahi kuona sababu ya kuviuza kwa bei moja. Mpeni tiketi, kisha pangeni nafasi kwa idadi ya ushindi.

Mlinzi wa Kona:
Mzee, nakubaliana nawe kuhusu takwimu, lakini Giants na Buccaneers hawakufungiwa mlango na Seattle peke yao. Tiketi mbili za ziada za NFC, za timu zisizo mabingwa wa divisheni, zilikwenda kwa Saints na kwa Green Bay Packers, ambao nao walikuwa na ushindi 10 na wakawapita kwa vigezo vya kutenganisha. Packers hao ndio waliotwaa Super Bowl, fainali ya ligi. Giants wajilaumu pia kwa mchezo wa Desemba dhidi ya Philadelphia Eagles, ambapo walikuwa mbele 31-10 katika robo ya mwisho, kisha wakafungwa 38-31 DeSean Jackson wa Eagles aliporudisha mkwaju hadi tachidauni katika tukio la mwisho la mchezo.

Kuhusu uwanja, ushindi wa Seattle wa 41-36 dhidi ya Saints hauthibitishi kwamba kanuni ilikuwa ya haki. Lakini uwanja ulichangia, hilo halikanushiki. Hasselbeck alirudi akarusha tachidauni 4, na zikiwa zimebaki dakika tatu na ushee Marshawn Lynch, aliyeletwa Oktoba kutoka Buffalo Bills, alikimbia yadi 67 huku akiwapangusa waliojaribu kumkaba, mmoja akisukumwa kwa mkono hadi akaanguka chali. Kelele na miruko ya mashabiki vilisajiliwa na vipimatetemeko. Wiki iliyofuata Chicago Bears waliwatoa 35-24.

Mzee wa Takwimu:
Basi tutazame waliofuata. Carolina Panthers walitwaa divisheni mwaka 2014 kwa 7-8-1 (sare moja) na kuwafunga Cardinals wenye ushindi 11; Washington wa 2020, wenye 7-9, walifungwa nyumbani na Buccaneers; Buccaneers wenyewe, wakiwa na 8-9 mwaka 2022, walifungwa nyumbani na Dallas Cowboys. Ukijumlisha na Seattle, hadi msimu wa 2022 ni mbili kwa mbili. Idadi ni ndogo mno kunipa ushindi katika ubishi huu, nami sitaitumia.

Mtazamaji:
Nashukuru sana, wakuu. Swali moja limebaki: je, ni kweli kwamba wapo mashabiki wa Seattle waliotaka timu yao ifungwe usiku ule?

Kiti cha Nyuma:
Walikuwepo, kwa sababu ya drafti, ambamo timu zilizofanya vibaya huchagua mapema. 49ers, waliomaliza na 6-10, walichagua wa 7. Seattle, kwa kufika raundi ya pili ya mtoano, walisukumwa hadi nafasi ya 25. Ila katika raundi ya tano ya drafti hiyohiyo walimchukua Richard Sherman, mlinzi aliyekuja kuwa nyota, na sijasikia tena mtu akilalamikia nafasi ile.